Ndoo Thelathini na Moja

Katika kiwanda kile cha jemu hakuna aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mwanamume aliyefunga chupa aliitwa Kifuniko. Mlinzi wa lango aliitwa Simama, kwa kuwa ndilo neno pekee alilojua kulitamka asubuhi. Na mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na miguu isiyotulia, aliitwa Chapuchapu. Jina hilo alilipenda kuliko la kuzaliwa. Ukimwita kwa jina la kuzaliwa angeweza kukupita kama upepo. Ukimwita Chapuchapu, aligeuka na meno yote nje.

Mwenzake wa kazi aliitwa Wifi. Kwa haki, ni Chapuchapu peke yake aliyestahili kulitumia jina hilo, maana huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Lakini kwa kulisikia kutwa nzima, "Wifi, nipishe," "Wifi, angalia moto," wafanyakazi wote walilidaka. Hata Meneja, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale, alikuwa akisema, "Wifi, njoo ofisini," bila hata kutabasamu.

Kazi yao ilikuwa kuchota. Nanasi lilimenywa, likakatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, likachemshwa na sukari katika sufuria kubwa lenye kina cha kiuno cha mtu. Jemu ilipoiva, Chapuchapu na Wifi walisimama kila mmoja upande wake, wakachota kwa pawa za chuma zenye mipini mirefu, wakajaza ndoo, wakazibeba hatua kumi na mbili hadi kwenye tangi dogo lililokuwa juu ya meza ya kujazia chupa. Wakamimina, wakarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa miaka kumi na tisa.

Wifi ndiye aliyemleta. Chapuchapu alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, anashinda nyumbani akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, ndipo wifi yake alipomwambia, "Utamaliza udongo, wewe. Njoo kiwandani." Siku ya kwanza alimkabidhi upawa, akamwonyesha.

"Usiupige mbizi," alimwambia. "Uteremshe ubavuni mwa sufuria, uulaze, uache jemu iingie yenyewe. Ukiilazimisha unavunja vipande. Na kipande kikivunjika hakina gundi."

"Kwa mwendo huo si tutakesha hapa, wifi?"

"Tutakesha kwa nini? Pale mezani wako watu wanne na mikono minane. Hata ukiwapelekea ziwa zima, watalinywa?"

Chapuchapu alicheka, akajifunza. Hakuwa mvivu wa kujifunza; alikuwa mvivu wa kusubiri. Mwaka wa pili, alipokuwa akikimbiza ndoo ili ampiku mwenzake kwa mzaha tu, aliteleza. Wifi aliidaka ile ndoo kwa mkono wa kushoto isimwagike miguuni mwa mke wa kaka yake. Jemu inapochemka hushika ngozi kama gamu. Kovu lilibaki kwenye kifundo cha mkono wa Wifi, refu na lenye ncha, kama jani. Wifi hakulitaja tena. Watu wakimwuliza alisema, "Nanasi liliniuma kabla sijaliuma," wakacheka, yakaisha.

Basi waliendelea hivyo, na mwendo wao wa kila siku ulikuwa mmoja. Chapuchapu alikuwa na haraka ya mdomo na ya miguu alipokuwa njiani, lakini penye sufuria mkono wa Wifi ulimvuta, wakaenda sawa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Siku moja Meneja aliwakusanya wote baada ya chakula cha mchana.

"Tunaleta pampu," alisema. "Itavuta jemu kutoka kwenye sufuria, iisukume kwenye bomba hadi mezani. Hakuna tena kubeba ndoo. Hakuna tena kuungua."

"Na wabeba ndoo je, Meneja?" aliuliza Kifuniko. "Nao watavutwa kwenye bomba?"

Watu walicheka. Meneja alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Pampu inahitaji mtu mmoja wa kuiangalia. Mmoja atabaki. Huyo mwingine, kwa kweli, sina mahali pa kumweka. Fundi atakuja kesho kutwa kupima mnavyochota, ajue pampu ya ukubwa gani inafaa, na akishapima tutajua pia nani abaki."

Jioni ile, katika chumba cha kubadilishia nguo, Wifi alikaa kwenye benchi akafungua viatu vyake polepole. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, mjane, na kiwanda kile ndicho kilichokuwa asubuhi yake na jioni yake.

"Wifi, sikiliza," alisema. "Kesho kutwa twende mwendo wetu. Wewe vile vile, mimi vile vile. Wakitupima tukawa sawa, watachagua kwa lipi? Watashindwa. Nitamwambia Meneja tupokezane, wiki yako, wiki yangu."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa, watakuwa wamekataa wao. Sisi tutakuwa hatujatupana."

"Sawa, wifi," alisema Chapuchapu.

"Sawa ya mdomo au ya moyo?"

"Ya vyote viwili. Unataka niape kwa upawa?"

Wakacheka. Wakatoka wameshikana mikono, kama walivyotoka maelfu ya jioni.

Fundi wa pampu alikuwa mtu mpole mwenye kalamu sikioni na daftari lenye alama za vidole vya grisi. Alikuwa na tabia ya kuigusa mashine kwa kiganja kabla ya kuisogelea, kama mtu anavyomgusa ng'ombe asishtuke. Alining'iniza saa ya kupimia shingoni, akaeleza kwamba atampima kila mmoja kwa robo saa.

Wifi alianza. Upawa ubavuni, ukalala, ukajaa, ukapanda. Ndoo ikajaa, hatua kumi na mbili, akamimina, akarudi. Hakuinua uso hata mara moja. Robo saa ilipoisha, fundi aliandika: ndoo kumi na nane.

Ikaja zamu ya Chapuchapu. Alianza kama walivyokubaliana. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wa mezani walikuwa wameacha kazi ili watazame, na Meneja alisimama mikono nyuma. Ndipo Kifuniko alipopaza sauti:

"Jamani, leo Chapuchapu kawa bibi harusi! Anatembea kama anaogopa kukanyaga gauni!"

Kicheko kikalipuka. Meneja akatazama saa yake.

Baadaye Chapuchapu alijitetea moyoni kwa njia nyingi. Alijiambia kwamba alitaka kuwaonyesha kuwa mkono wa mtu ni bora kuliko mashine, ili pampu isinunuliwe kabisa. Alijiambia kwamba alikuwa akiwatetea wote wawili. Huenda palikuwa na chembe ya ukweli. Lakini miguu yake haikungoja hoja hizo. Ilisikia jina lake, ikaondoka.

Alipiga upawa mbizi. Alichota kwa nguvu za bega, akajaza, akakimbia zile hatua kumi na mbili, akamwaga kwa kishindo. Watu wakaanza kumhesabia. "Kumi na tano! Kumi na sita!" Jasho lilimtiririka machoni. "Ishirini na tisa! Thelathini!" Fundi alipobonyeza saa yake, ndoo ya thelathini na moja ilikuwa inamwagika tangini. Watu wakapiga makofi. Kifuniko akapiga chupa kwa kijiko.

Fundi alisogea karibu. "Dada, hongera. Lakini niambie kweli, hivi ndivyo unavyokwenda kila siku?"

Wifi alikuwa amesimama kando ya lile tangi, ametazama ndani. Jemu iliyokuwa mle haikuwa na vipande tena, ilikuwa imepondeka. Wifi alirudisha kifuniko cha tangi, akakibana kwa kiganja, akamtazama wifi yake.

"Kila siku," alisema Chapuchapu.

Fundi aliandika.

Baada ya wiki mbili Wifi aliitwa ofisini. Alitoka baada ya muda usiozidi wa kunywa chai, akaenda moja kwa moja chumbani, akavua aproni, akaikunja mara nne. Chapuchapu alimfuata.

"Wifi, wamekuambia nini?"

"Wameniambia nimechoka. Meneja kasema kwa adabu. Kasema, 'Mwenzio thelathini na moja, wewe kumi na nane. Mwili umechoka, pumzika.'"

"Mimi nilidhani..."

"Ulidhani." Wifi alichukua upawa wake ukutani, ule wa mpini uliolainika kwa kushikwa, akamkabidhi. "Shika. Pampu haionji. Utahitaji wa kuonjea."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ofisi ya Meneja ilikuwa milango mitatu tu kutoka pale. Chapuchapu alisimama na upawa mkononi, akasikia viatu vya wifi yake vikienda zake, akasikia Simama langoni akisema, "Wifi, mbona mapema leo?"

Pampu ilifika ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa nzuri, hata mtu aliyeichukia angekubali. Ilikuwa ya chuma kinachong'aa, na ndani yake palikuwa na vyuma viwili vya mviringo vilivyozunguka vikipishana, kama viganja vya mtu anayenawa mikono. Fundi aliwaeleza kwa fahari ya mtu anayependa kazi yake.

"Hii haipigi chakula," alisema. "Inakipokea katikati ya viganja, inakibeba, inakitua upande wa pili. Unaweza kupitisha hata nyanya nzima isipasuke. Ila tu isikimbizwe. Ikikimbia kuliko chakula kinavyoweza kuingia, itaanza kutafuna hewa."

"Utaiendesha mwendo gani?" aliuliza Meneja.

Fundi alifungua daftari. "Wachotaji walikuwa wawili. Nimechukua mkono ulio bora, thelathini na moja, nikazidisha kwa mbili. Ndoo sitini na mbili kwa robo saa."

Alifunga mkanda kwenye puli, lile gurudumu la mota, akawasha. Jemu ilipanda kwenye bomba, ikapita juu ya vichwa vyao, ikamwagika tangini bila mtu kuinua mkono. Watu walishangilia. Hata Chapuchapu, akiwa amevaa aproni mpya ya mwangalizi wa pampu, alijikuta amefungua kinywa.

Furaha hiyo haikufika mwisho wa wiki. Jemu iliyoiva ni nzito, haina haraka ya kuingia bombani, na pampu iliitaka upesi kuliko ilivyoweza kuja. Ikaanza kulia. Ulikuwa mlio wa kokoto, kama mtu anatikisa mawe madogo ndani ya debe. Povu lilitoka tangini. Na vile vipande, ambavyo picha yake ilichorwa kwenye kila chupa, vinono na vya dhahabu, vilifika mezani vimekuwa nyuzinyuzi.

"Hii si jemu ya vipande," alisema Kifuniko akiinua chupa kwenye mwanga. "Huu ni uji wa mgonjwa."

Chupa zikaanza kurudi kutoka madukani. Fundi akaja. Alipunguza urefu wa bomba, akabadilisha viungio, akamwomba mpishi aipike jemu iwe nyepesi zaidi, ikawa nyepesi na mbaya zaidi. Akapendekeza pampu ipunguzwe mwendo. Meneja akaruka.

"Nipunguze? Nimenunua mashine ili ishindwe na mwanamke mwenye ndoo? Si uliandika mwenyewe, thelathini na moja kwa mkono mmoja, na jemu ilikuwa nzuri miaka yote hiyo?"

Fundi akamgeukia Chapuchapu. "Dada, mwendo huu si ndio wako?"

Na kwa mara ya pili, mchana kweupe, akiwa na upawa wa Wifi mkononi, Chapuchapu alisema, "Ndio."

Uongo wa kwanza ulimponyoka mbele za watu. Huu wa pili aliutazama kwanza, akaupima, kisha akausema. Na tangu hapo kila asubuhi alipowasha pampu, mlio wa kokoto ulimwingia kifuani kabla ya kumwingia masikioni.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mumewe alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, lakini Jumapili moja alirudi kutoka kwa dada yake, akakaa bila kuvua kofia.

"Dada kapata kazi," alisema. "Jikoni, hospitali. Anawagawia wagonjwa uji."

"Heri."

"Nilimwuliza kiwandani ilikuwaje. Kasema alipimwa, akaonekana mzembe." Alimtazama mkewe. "Dada yangu mimi, mzembe? Huyu aliyenilea mimi na ndugu zangu watatu kwa mikono miwili? Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Chapuchapu alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Walitumia saa," alisema. "Saa haina macho."

"Mbona huendi kumwona?"

"Nitakwenda."

Hakwenda. Wiki ile alisema ana mafua, iliyofuata alisema kuna kazi ya ziada. Kabla ya pampu hazikuwahi kupita siku mbili bila wanawake hao kukaa jiko moja. Sasa ilipita miezi saba. Ukimya ni kama ukoko wa sufuria. Usipousugua siku ya kwanza, siku ya kumi unahitaji patasi.

Katika mwezi wa nane Meneja alitangaza kwamba atasimamisha jemu ya vipande na kurudisha pampu kwa aliyemwuzia. Fundi aliitwa kwa mara ya mwisho. Alifungua pampu yote, akapanga sehemu zake sakafuni juu ya gunia safi, akachuchumaa mbele yake. Chapuchapu alikuwa akimshikia taa. Fundi alikipitisha kidole chake kwenye kila chuma, kisha akafungua lile daftari la grisi, akasoma kurasa zake upya, moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza.

"Unatafuta nini?" Chapuchapu aliuliza.

"Kosa langu," alisema fundi bila kuinua uso. "Nimefunga pampu miaka kumi na sita. Nimewahi kukosea, si kwamba sikosei. Lakini kila mara nilijua nimekosea wapi. Hili silioni, dada. Naona nimezeeka ghafla."

Chapuchapu aliweka taa chini. Kwa miezi minane alikuwa ameogopa mtu atakayemnyooshea kidole. Hakuwa amejiandaa kwa mtu aliyejinyooshea mwenyewe.

"Kosa si lako," alisema.

"Una maana gani?"

"Mimi sichoti ndoo thelathini na moja. Sijawahi kuchota thelathini na moja tangu nizaliwe, ila siku ile ulipokuja na saa yako. Nilikimbia. Ungefungua lile tangi ungeona nilivyovivunja vipande. Wifi aliona."

Fundi aliinua uso. Hakukasirika, na hilo lilimwumiza zaidi. "Basi mwendo wenu wa kila siku ni upi?"

"Kumi na nane. Yeye kumi na nane, mimi kumi na nane."

Fundi alirudisha ukurasa mmoja nyuma, akaweka kidole. "Kumi na nane," alisoma. "Huyu mama niliyemwandikia 'polepole' hapa pembeni. Kumbe ndiye peke yake aliyenipa kipimo cha kweli."

Alifanya kazi siku nzima. Akatoa puli ya mota, akaweka nyingine ndogo zaidi, akahesabu mizunguko kwa saa ile ile, akarekebisha hadi pampu ilipotoa ndoo thelathini na sita kwa robo saa. Wakawasha. Mlio wa kokoto haukuwepo. Palikuwa na sauti ndogo tu, nzito, ya kitu kinachopokea na kutua, kinachopokea na kutua. Chapuchapu aliijua sauti ile. Kwa miaka kumi na tisa aliisikia upande wa pili wa sufuria.

Kifuniko aliinua chupa ya kwanza. Vipande vilikuwa vizima, vimetulia ndani ya utamu wao. Hakufanya mzaha wowote.

Meneja alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama. Alipomaliza kumtazama Chapuchapu, mtazamo ambao Chapuchapu hakuusahau, alisema, "Wewe nitakuacha kazini, kwa sababu angalau umesema. Lakini kamwite Wifi. Mwambie mtapokezana, wiki moja moja."

Yaani maneno yale yale ya Wifi, ya kwenye lile benchi. Meneja hakujua kwamba anayarudia.

Jumapili Chapuchapu alikwenda. Alivaa nguo nzuri, akabeba chupa ya jemu mpya na ule upawa, ameufunga kwa kanga. Njiani alitembea taratibu, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipobisha, mlango ulifunguliwa, na Wifi alisimama pale na taulo begani, uso umenenepa kidogo, macho yale yale.

"Karibu, mke wa kaka," alisema.

Si "wifi". Mke wa kaka. Lilikuwa neno la adabu, halina kasoro, na lilimpiga Chapuchapu kama mlango wa chuma.

Wifi alimkaribisha kiti, akamwandalia chai. Alipokuwa akimimina, kovu la jani lilionekana kwenye kifundo cha mkono. Chapuchapu alieleza yote. Alisema kuhusu Kifuniko, kuhusu makofi, kuhusu mara ya kwanza na ya pili. Alisema kuhusu puli. Alisema kuhusu Meneja na wiki moja moja. Akaweka upawa mezani.

"Nilijua," alisema Wifi. "Nilikuwa nimesimama pale. Nani asingejua?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimwambie Meneja mke wa kaka yangu ni mwongo? Nikuanike mbele ya watu wa mezani?" Alikunja taulo. "Nilijua utasema wewe. Mwezi wa kwanza, kila nikisikia hatua uani nilisema, ndiye huyo. Nilikuwa naacha maji yanachemka, uje tunywe chai. Mwezi wa pili nikawa nachemsha maji ya mtu mmoja."

"Nisamehe, wifi."

"Nimekusamehe. Ningekuwa sijakusamehe ungeingia ndani?"

"Basi rudi. Tupokezane, kama ulivyotaka."

Wifi alitikisa kichwa. Hakuonyesha hasira. "Pale hospitali kuna mzee mmoja hawezi kumeza haraka. Namsubiri. Kijiko, nasubiri. Kijiko, nasubiri. Hakuna anayesimama na saa." Alinyanyua ile chupa ya jemu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu vipande kwa macho kama alivyokuwa akifanya zamani. Kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea. "Imetoka vizuri," alisema.

"Ni mwendo wako."

"Ulikuwa wetu," alisema Wifi, akairudisha chupa mezani. "Chai inapoa."

Walikunywa. Waliulizana habari za watoto. Upawa ulirudi na Chapuchapu, kwa sababu Wifi alisema huko hospitali zipo pawa za kutosha.

Tangu siku ile wanatembeleana, kwenye harusi na kwenye misiba, na Jumapili mojamoja. Hawana ugomvi. Mumewe anafurahi, anasema yameisha. Chapuchapu humwacha aseme. Lakini neno "wifi" halijarudi kinywani mwa dada yule, na Chapuchapu hana ujasiri wa kuliomba, maana ni neno ambalo mtu hupewa, haliombwi.

Kiwandani wameajiri watu wapya. Mwenzake wa kupokezana ni msichana mwenye bidii aliyetoka chuo cha ufundi, naye humwita Chapuchapu "mama". Jina la zamani limefifia. Kifuniko mwenyewe haliiti tena. Kwenye kisanduku cha swichi ya pampu, fundi aliandika kwa rangi nyeupe kabla ya kuondoka: 18 + 18. Wafanyakazi wapya hudhani ni namba ya mashine.

Ijumaa moja, siku ya usafi, yule msichana alikuwa na kitambaa na mafuta ya kuondolea rangi.

"Mama, nifute na haya maandishi? Yamechakaa, yanaharibu sura."

"Acha," alisema Chapuchapu.

"Kwani ni nini?"

Chapuchapu alichukua kitambaa kingine, kikavu, akapangusa vumbi juu ya zile namba, ya kwanza, kisha ya pili. Nyuma yao pampu ilikuwa ikiendelea, ikipokea na kutua.

"Ni watu wawili," alisema. "Zima moto, sufuria la pili limeiva."